Mapigo Manane ya Kimya

Kimya nacho huhesabiwa. Mwalimu wa kwaya amewaambia hivyo leo, mkaguna, na sasa mnataka kujua msemo huu ulitoka wapi. Ulitoka kwangu, tena kwa aibu yangu, kwa hiyo msinikatize.

Nilikuwa darasa la saba, Bukoba. Parokia yetu ilikuwa na piano moja na wanafunzi sita. Likizo ya mwezi wa sita Mwalimu Rwegasira, aliyetufundisha kuipiga, aliifunga kwa ufunguo, akachora uani kwa chokaa mistari mitano ya kuandikia nota, tukawa tunaruka juu ya nota anazozitaja. Kisha akapanga maharage chini. Penye harage tulipiga kofi; penye pengo tulinyamaza na kuhesabu moyoni.

Mimi nilikuwa na vidole vyepesi kuliko wote, na nilijivuna. Mapengo niliyaruka.

"Kokushubila, rudia. Umeacha mapengo," mwalimu alisema.

"Mwalimu, pale si hamna kitu?"

Nikasingizia kichwa kinaniuma, nikaenda zangu nyumbani. Siku zilizofuata sikurudi.

Mwisho wa likizo alikuja mtahini kutoka shule moja ya muziki ya Mwanza. Angechukua mtoto mmoja tu, asomeshwe bure. Baba alikuwa ameshasema kwamba nikikosa nafasi hiyo, shule yangu imekwisha.

Tulitakiwa kuipigia kwaya wimbo wenye mapigo manane ya kimya katikati, kisha wote waingie pamoja na piano. Nilianza vizuri mno, mpaka mtahini akatabasamu. Kikaja kile kimya. Nilihesabu moja, mbili, halafu sikujua kama niko pigo la tatu au la tano. Nilimtazama mwalimu, naye akainamisha uso. Wanakwaya wote walikuwa wananikodolea macho, nikadhani nimechelewa. Nikapiga.

Lilikuwa pigo la sita. Nusu ya kwaya ilinifuata, nusu ikabaki, na wimbo ukavunjika.

Baada yangu alipiga Byera, mmoja wa wale sita, mtoto mzito wa vidole. Alikosea nota mbili, nilizisikia vizuri. Lakini kwenye kimya midomo yake ilicheza polepole hadi nane, kisha akaingia na kwaya nzima. Akachukuliwa yeye.

Nilimfuata mwalimu mlangoni. "Nilikosea nota ipi?"

"Hukukosea hata moja."

"Sasa mbona Byera?"

"Byera alikosea, lakini alijua yuko wapi. Wewe ulipotea. Kimya nacho huhesabiwa, mwanangu."

Wanakwaya waliokuwa wakitoka walimsikia. Haukupita mwaka, wakawa wanamwambia hivyo mposaji asiyengoja jibu, na mtu anayedakia shauri la wazee. Mimi sikucheka. Kesho yake baba alinikabidhi jembe, nami nikalilima shamba la migomba miaka tisa kabla sijagusa piano tena.

Basi mkifika mahali mnapodhani hapana kitu, msiruke. Kimya nacho huhesabiwa.