Barua Isiyo na Tarehe

Enzi hizo serikali za mseto zilivunjika kabla chai haijapoa. Shekolowa alikwisha kuwa Waziri Mkuu wa serikali tano, na ya sita aliitaka. Kura za kumpitisha alikuwa nazo Sangoda, kigogo wa chama chenye wabunge wengi kupita vyote.

“Nitakupitisha,” alisema Sangoda, “ila niandikie barua ya kujiuzulu, usitie tarehe. Siku ukinikera, nitaitia mwenyewe.”

Shekolowa aliandika palepale, akasaini.

“Nawe Mheshimiwa chukua Wizara ya Fedha,” alisema. “Shemeji yako Ardhi, mwanao Bandari.”

Sangoda alicheka hadi miwani ikamdondoka. “Kumbe u bwege namna hii!”

Mwezi wa tatu Shekolowa alimkera. Sangoda akatia tarehe, akaipeleka barua mbio kwa Spika.

“Una hakika?” Spika aliuliza. “Kwa katiba yetu, Waziri Mkuu akijiuzulu, mawaziri wote wanatoka naye. Na wanaovitaka viti vyenu wamejaa hapo nje.”

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Shekolowa.

“Nasikia leo najiuzulu?”

“Nani kakuzushia?” alijibu Sangoda, huku akiitafuna barua. “Karibu kiti, Mheshimiwa.”