Safu za Makame

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, zamani ya juzijuzi tu, leza zishakuwapo, paliondokea mwanamke jina lake Rukia. Mumewe, Makame, alikuwa fundi wa kuotesha fuwele kwenye tanuri. Ya mwisho ilikuwa ndogo kama punje ya mchele. Makame akafa haijatoka. Rukia akaitoa mwenyewe huku analia.

Basi fuwele ile, ukiipoza sana, elektroni zilizomo ndani hujipanga safu, kama watu wanaposali. Ukiipiga mpigo mmoja wa mwanga mkali wa leza, mfupi kuliko kupepesa jicho, safu huvurugika. Ukiiacha, zinarudi. Zinarudije? Hilo ndilo Makame alilotaka kulijua maisha yake yote, maskini.

Siku ya siku ikafika, fuwele ikapelekwa maabara kupimwa. Profesa Mashavu, mkuu wa maabara, anazitazama safu kwenye skrini, msaidizi wake Kombo kwenye leza, Rukia pembeni. Mpigo wa kwanza, safu zikavurugika, zikarudi. Wa pili, zikarudi kwa kusuasua. Mashavu akashtuka, akapiga kelele, "Ongeza!"

Alitaka kiongezwe kioo cheusi kinachopunguza mwanga. Kombo akaongeza mwanga. Haya! Safu zikatawanyika, na safari hii hazikurudi. Wakangoja weee, wapi!

"Kombo, umeniua," Mashavu akasema. "Asubuhi nzima tunaongeza vioo, ghafla hujui naongeza nini?"

"Profesa, niwie radhi, lakini ongeza ni ongeza. Kukitaja hicho kioo kungekugharimu nini?"

Rukia akakaa chini sakafuni. "Msigombane. Makame aliniambia kitandani anaumwa, 'Ikianza kusuasua, ipumzisheni.' Nimeiona inasuasua, nikanyamaza. Nilitaka mpigo mmoja tu zaidi, jina lake litoke. Roho ilinituma."

Fuwele ikatolewa, inang'aa vilevile, huioni hata kasoro, nayo ndani imekwisha. Hapo Rukia akalia kuliko alivyolia msibani.

Jioni akajitanda kanga, akaenda kwa mama yake Makame, kikongwe aliyekuwa akimngoja mlangoni kwa hamu.

"Karibu, mwanangu. Kazi ya Makame imetoka?"

"Imeharibika, mama."

Bibi akauliza polepole, "Nani kaiharibu?"

Rukia akafumbua mdomo. Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msitazamane: kati ya aliyesema nusu, aliyesikia nusu, na aliyejua yote akanyamaza, je, amtaje nani?