Ntambala na Kodi ya Mafiga

Zamani za mababu, kila mlima ulipokuwa ukiitwa mlima tu, alizaliwa Ntambala mwana wa Kisinza, mjukuu wa Mwenenkali aliyewavusha watu ziwa. Ntambala Mbeba-mafiga, aliyejitwika jiwe la kuwashinda wanaume wanne kama mtu ajitwikavyo mtungi, na mbele ya Mola akawa mnyonge kama mtoto.

Watu wale walikuwa wangali wakiapa kwa jina la mfalme wa ng'ambo ya ziwa, walikotoka. Basi mfalme, ghala zake zilipoliwa na vita, akaagiza kila jiko la mafiga matatu litoe pishi ya chumvi. Ntambala akasema, "Lipeni, ni baba yetu." Wakalipa. Kisha ikatozwa kodi ya moshi, kisha ya majivu, na barazani kwa mfalme hapakuwa na kigoda hata kimoja cha mtu wa upande huu.

Siku moja akamkuta shangazi yake, Nyamwaka, akitafuna muhogo mbichi, mafiga yake kayatupa nje.

"Shikamoo, shangazi. Mbona jiko limelala?"

"Marahaba. Si una baba ng'ambo? Mwambie aje anipikie!"

Maneno yale yakamchoma. Akapiga magoti mbele ya Mola na mbele ya watu: "Nimekosa. Niliwasemea bila kuwauliza."

Akakusanya mafiga ya nyumba zote, akajenga jiko moja ufukweni, wakala chungu kimoja. Mjumbe wa mfalme akaja na askari.

"Kodi!"

"Jiko ni moja, bwana. Chukua pishi moja, na ikikulemea nitakubebea."

Wanawake wakaangua kicheko. Mjumbe kwa hasira akaumwagia moto maji, asijue kwamba kwa watu wale amzimiaye mwenzake jiko amekata undugu.

"Undugu umekatika," akatamka Ntambala, "na mkono uliokata si wetu."

Akamwinua mjumbe pamoja na mtumbwi wake, akamweka majini. Vita vikaja, vikawala wengi, hata mfalme akachoka, akawaachilia.

Ndipo watu wakamletea Ntambala kiti cha enzi, na chumvi iliyochangwa na kila nyumba, ndani ya pishi ileile ya kodi. Akaitazama chumvi, akakipapasa kile kiti, kwa kuwa alikipenda.

"Shangazi, chumvi hii uliulizwa?"

"Nani aniulize mimi?"

Akacheka, akamrudishia chumvi yake, akajitwika figa moja, akapanda mlimani akimshukuru Mola, asionekane tena. Mlima ukaitwa Figa.

Na hadi leo, kabla ya mchango wowote kupangwa, wazee hupiga hodi kwanza kwenye jiko dogo kuliko yote, wakauliza, "Mama, umeulizwa?" Akisema hapana, hukaa chini wakamuuliza, naye huwapakulia chakula kwanza, ndipo awajibu.