Wembe Uliokataliwa Pasiansi

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, walijua binadamu ni mwepesi wa kumnyooshea jirani kidole kabla ya kukung'uta shati lake mwenyewe. Odeta wa mtaa wa Pasiansi alifundishwa methali hiyo shuleni, lakini maana yake aliipata pale mwanawe alipoanza kutokwa na damu kwenye fizi.

Gladness, binti wa miaka sita, alikuwa ndiyo kwanza amepona mafua. Ghafla miguu ikajaa vidoa vyekundu, na mabaka meusi yakajitokeza hata pale ambapo hakuna aliyemgusa. Bibi yake mzaa baba akavuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema kuja kumwona. Alimtazama mjukuu, kisha akautazama mlango wa jirani yao, Shamsa.

"Huyu amerogwa," alisema. "Si yule ndiye aliyempa uji? Mtoto achanjwe chale, dawa iingie mwilini, halafu tuone nani ataumbuka!"

Odeta alimheshimu mama mkwe wake, hata kumwamkia alipiga goti. Lakini siku hiyo alimfunga mtoto mgongoni akaenda naye hospitali.

"Kinga ya mwili wake ilipigana na mafua ikashinda," daktari alimweleza baada ya vipimo. "Sasa imekosea. Inazishambulia chembe za mwili wenyewe, zile zinazogandisha damu. Watoto wengi hupona. Mpe dawa hii ya kuituliza, na umlinde asiumie wala kukatwa. Kwake kidonda kidogo ni hatari."

Nyumbani Odeta alimweleza mama mkwe neno kwa neno. Bibi akaguna tu.

Asubuhi Odeta alitoka kuchota maji bombani. Aliporudi alimkuta Gladness amekalishwa mkekani, kifua wazi, dawa nyeusi imemwagwa kwenye kigae, na wembe mpya u mkononi mwa bibi. Odeta aliiacha ndoo ianguke, akaudaka mkono ule.

"Unanishika mimi? Mimi niliyemzaa mumeo?"

"Nimekushika, mama! Ukitaka kunirudisha kwetu, nirudishe leo. Ukoo mzima uniite mkaidi. Mwanangu hachanjwi!"

Bibi alimpigia simu mwanawe, Mayala, aliyekuwa safarini. Sauti ya Mayala ikasikika ikisema, "Odeta, mtii mama."

"Njoo uniondoe mwenyewe," Odeta alijibu. Akampakata mtoto, akampokonya bibi wembe, akaenda kuutumbukiza chooni.

"Mimi nampenda mjukuu wangu!" bibi alilia.

"Najua, mama. Ndiyo maana nilikuachia mtoto nikaenda bombani. Angekuwa Shamsa ameshika wembe, ningepiga yowe mtaa mzima!"

Bibi alirudi Sengerema kwa hasira, bila kuaga. Baada ya majuma kadhaa mabaka ya Gladness yalififia, fizi zikaacha kutoka damu, na vipimo vikaonyesha chembe zimepanda. Odeta alifurahi hadi akalia mbele za watu. Bibi aliposikia, alikuja na kuku wawili na ubishi wake.

"Amepona, lakini mimi bado namshuku yule Shamsa."

Odeta alipiga goti, akamwamkia kwa adabu zote, kisha akainuka na kumkazia macho.

"Mshuku upendavyo, mama, ila kwangu wembe hauingii tena. Mtoto aliliwa na kinga yake mwenyewe, na nusura amalizwe na bibi yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako."