Bi Nyamvula na Hesabu ya Matumbo

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni, mkeka ni mpana. Hapo kale, katika kijiji kilichoishi kwa mbuzi na mtama, Mbeyu alijifungua. Akatoka mtoto wa kike, nyaa. Kabla hajafutwa, akatoka wa kiume, nyaa. Wanawake waliokuwa ndani wakarudi nyuma.

Kijiji kile kilikuwa na mwiko. Mtu huzaa mmoja. Azaaye wawili kazaa kama mnyama, na mvua itakimbia. Basi mmoja hupelekwa msituni, akaachwa huko.

Mbeyu alilala kitandani, mapacha kifuani. Alisikia wazee wakiketi uani, vigoda vikikwaruza udongo, kwaru, kwaru. Akasikia mumewe akiulizwa ni yupi abaki. Mbeyu naye akajaribu kujiuliza ni yupi, moyo ukakataa.

Ndipo akaja Bi Nyamvula. Huyu alikuwa mkunga, wa watu na wa mifugo pia. Ng'ombe akishindwa kuzaa, aliitwa yeye. Aliwatazama watoto, akamtazama mama.

"Umekula?"

"Bado, bibi."

Akatoka uani. Ukuta ulikuwa wa udongo na fito, na Mbeyu alisikia kila neno.

"Mzee Chidodo," Bi Nyamvula alimwambia mkuu wa baraza, "panya huzaa wangapi?"

"Wengi. Nani atawahesabu?"

"Na mbwa wako?"

"Watano. Sita."

"Ana chuchu ngapi?"

Bi Nyamvula akamwita mbwa aliyelala majivuni, akamgeuza chali. Wazee wakainama, wakahesabu. Kumi.

"Mbwa hupewa chuchu nyingi kwa kuwa watoto wake ni wengi," akasema. "Panya naye analiwa na paka, analiwa na mwewe, analiwa na nyoka. Asipozaa wengi, atakwisha. Tembo nani atamla? Huzaa mmoja, akamlea miaka. Mwenye kupoteza wengi huzaa wengi. Mwenye kulea sana huzaa mmoja."

"Basi umetusaidia," akasema Mzee Chidodo. "Mtu hulea sana. Haki yake ni mmoja."

Kule ndani, Mbeyu akafumba macho.

"Ni kweli, mara nyingi ni mmoja," akasema Bi Nyamvula. "Na mbuzi je?"

"Mmoja. Mara nyingine wawili."

"Wako alipozaa wawili, ulimtupa yupi?"

"Yule ni mbuzi."

"Ana chuchu mbili. Mbeyu ana matiti mawili. Wa pili akija, ana pa kunyonya. Aliyewekewa titi hakuja kwa makosa."

Mzee Chidodo akasogeza kigoda chake. Kisha akasema polepole, "Dada yangu alizaa mapacha. Nilimwonea huruma, nikawaficha wote wawili wasipelekwe msituni. Alikonda, akakonda, akafa. Watoto wakamfuata. Sasa unaniambia nini?"

"Nilikuwepo," akasema Bi Nyamvula. "Alinyonyesha wawili, akalima peke yake, akala chakula cha mmoja. Watu walipojua walimwogopa, hawakumpelekea hata kibaba cha unga. Mwiko haukumuua, Mzee Chidodo. Njaa ndiyo iliyomuua."

Mzee akatazama viganja vyake. Akainuka, akaondoka bila kuaga. Wazee wakatazamana. Mbeyu akawakumbatia watoto, akasubiri kusikia nyayo za wanaokuja kumchukua mmoja.

Zikaja nyayo, pa, pa, pa. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Mzee Chidodo, mwanamume aliyekuwa hajawahi kuonekana amebeba ungo, na sasa amebeba ungo wa unga wa mtama. Akauweka sakafuni. Hakumtazama Mbeyu usoni.

"Mpikieni uji," akawaambia wanawake. "Ukiisha, mje kwangu."

Mbeyu akanywa uji. Akanyonyesha, mmoja kulia, mmoja kushoto, chwa, chwa, chwa.

Mvua ya mwaka ule ilichelewa, na wapo walionung'unika. Kisha ikanyesha, mtama ukaota, manung'uniko yakaisha. Watoto wale walikua. Na katika kijiji kile, hadi leo, mapacha wakizaliwa, kila nyumba hupeleka unga, na wanaopeleka humtaja Bi Nyamvula.

Nasi tujifunze. Kila tumbo na hesabu yake, na kila hesabu na malezi yake. Mzigo ukimzidi mmoja, hautupwi. Huongezewa mabega.

Hadithi yangu imefika kwao, nami naiacha ipumzike hapo.