Bi Harusi Asiye na Jani

Imepokewa kutoka kwa wacha Mungu wa Kihindu, kizazi baada ya kizazi, kwamba katika kijiji kimoja cha Kachchh, huko Bara Hindi, aliishi mwanamke mwema jina lake Kunvarbai pamoja na mumewe Lalji, mfumaji wa nguo. Walikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa, na Mola hakuwajaalia mtoto.

Uani mwao, juu ya kijukwaa cha udongo, ulisimama mrehani mtakatifu waitao tulasi, ambao Wahindu huutukuza kwa kuwa, katika imani yao, ni kipenzi cha Bwana Vishnu. Kila alfajiri Kunvarbai akiisha kuoga, aliumwagilia maji na kuuzunguka kwa dua. Ni desturi yao pia, kila mwezi wa Kartik wa kalenda yao, kuuoza mti huo kwa Bwana wake kwa harusi kamili, na wasio na binti huihesabu harusi hiyo kuwa ya binti yao. Mwaka ule wawili hawa waliweka nadhiri ya kumwoza tulasi wao. Lalji akafuma sari nyekundu, ndogo kama leso. Kunvarbai naye, kila akipita uani, aliyagusa majani kwa ncha za vidole, akiuita mti "mwanangu" kwa sauti ya chini, maana aliona haya kusikiwa.

Ukawa mwaka wa ukame. Mirehani ya nyumba nyingine ilikauka yote. Wa Kunvarbai ulinawiri, kwa kuwa aliugawia maji yake mwenyewe ya kunywa.

Siku tatu kabla ya harusi, homa ya kifua iliwashika watoto wa kijiji. Tabibu akaagiza wanyweshwe majani ya tulasi yaliyochemshwa kwa tangawizi na pilipili manga. Wa kwanza kubisha mlangoni alikuwa jirani yao Monghi. Huyu Monghi, kwa miaka mingi, akikutana na Kunvarbai asubuhi alikuwa akigeuza njia, akiamini kuwa uso wa mwanamke tasa ni nuksi. Sasa alisimama kizingitini, ushungi umeshushwa hadi machoni, akaeleza kwa shida kwamba mjukuu wake wa miaka miwili tangu jana hapumui vizuri.

Lalji alimwita mkewe kando. Akamkumbusha kwa upole kwamba akimpa huyu, kesho watakuja wengine, na bi harusi wao atabaki vijiti. Alisema kweli, na Kunvarbai alijua. Akaikumbuka miaka yote ambayo Monghi alimgeuzia njia. Kisha akauendea mti, akakutanisha viganja.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Nilitaka utoke nyumbani kwangu umependeza. Lakini kuna mtoto anakosa pumzi."

Akachuma jani moja moja, taratibu, asiuumize kwa kucha. Monghi aliyapokea kwa mikono miwili, akakimbia kwa mjukuu wake.

Ikawa kama alivyosema Lalji. Walikuja wengine siku ile na ya pili yake, na kila aliyekuja aliondoka na fungu lake. Jua la siku ya pili lilipokuchwa, mti haukuwa na jani hata moja. Lakini homa ilikuwa imeanza kuwaachia watoto, na mjukuu wa Monghi alikuwa amelala usingizi mzuri.

Siku ya harusi wanawake walimshauri Kunvarbai afunge matawi ya kichaka kingine chini ya sari, kuhani asijue. Akakataa. Mzee Bhanushankar, kuhani wa hekalu, alipoingia uani, Kunvarbai mwenyewe aliifunua sari ile nyekundu.

"Baba, sina bi harusi wa kukuonyesha," akasema. "Majani yote nimewapa wagonjwa. Kama nadhiri yangu imevunjika, aliyeivunja ni mimi. Mume wangu hana kosa."

Mzee aliviangalia vile vijiti.

"Binti yangu," akasema, "kazi ya mama siku ya harusi ni ipi, kama si kumtoa mwanawe? Wewe umekwisha kumtoa. Kaa mahali pako, tuanze."

Basi wakamvika tena tulasi sari yake, wakamfungia maua ya manjano, na sala zikasomwa bila kupunguzwa hata moja. Monghi alikaa upande wa mama wa bi harusi, akaimba nyimbo zote mpaka sauti ikamkauka. Na kuhani alipotangaza kwamba binti amekwenda kwa mumewe, Kunvarbai alijifunika uso, akalia kama waliavyo wote waliowahi kuoza binti. Lalji hakumnyamazisha.

Ndugu wapenzi, mja yule alimtolea Mola kitu alichokipenda kuliko vyote alivyokuwa navyo, na alikitoa kupitia mikono ya mtu aliyekuwa akimkimbia. Mola atujaalie moyo wa namna hiyo.