Makofi ya Latu

Asiyepiga makofi akiitwa, atapiga asipoitwa. Mmeisikia leo mkacheka, sasa mnataka asili yake. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Tonga palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Folau na mdogo wake Latu. Waligombea mpaka wa shamba, hata siku moja Folau akaving'oa viazi vikuu vya mwenzake mbele ya watu. Latu akaapa hatamwamkia tena. Moyo wake ukawa mchungu kama shubiri.

Baadaye Folau aliugua kifua, akaualika ukoo kunywa kava. Mila mnaijua: mizizi ya kava hupondwa, ikachanganywa na maji katika bakuli la mbao, watu huketi duara kwa cheo, na msemaji huita majina. Aliyeitwa hupiga makofi, akaletewa kinywaji chake katika kifuu cha nazi. Akinyamaza, haitwi tena, kifuu humwendea mwingine. Na cha kwanza ni cha mkubwa, siku zote.

Latu alikwenda ili watu wasimseme, uso kaukunja. Msemaji akaita, "Latu!"

Watu wakashtuka. Mdogo aanze? Latu akamtupia kaka yake jicho kali. Anadhihakiwa mbele ya watu, kwa mara ya pili!

"Umeitwa, ndugu yangu," jirani akamnong'oneza. "Piga makofi."

"Mimi si kiziwi. Mwambie Folau anywe mwenyewe!"

Mikono yake ikabaki mapajani. Folau akainamisha kichwa, na kifuu kikapelekwa kwa jirani.

Mwezi haukuisha, Folau akafariki. Ukoo ulipokusanyika kwa kava ya msiba, Latu akamkabili msemaji. "Siku ile mlinidhihaki kwa nini?"

"Tulikudhihaki? Maskini wee! Folau alinisihi mwenyewe: 'Anza na mdogo wangu. Nilimkosea mbele ya watu, nijishushe mbele ya hao hao.'"

Latu akaenda kuketi. Msemaji akaita jina la kwanza, la mtu mwingine, na Latu akapiga makofi. Likaitwa la pili, akapiga tena.

"Si wewe, Latu," msemaji akamwambia kwa upole.

Hakusikia. Alikuwa akiukazia macho mkeka mtupu wa kaka yake, machozi yanamtiririka, anapiga makofi. Mpumbavu yule! Chekeni sasa, kama mnaweza: asiyepiga makofi akiitwa, atapiga asipoitwa.